Mcheri wa majira ya baridi kwenye udongo wa mfinyanzi: shajara ya bustani yetu, Leicester

14 Novemba 2021: mti wenyewe na mahali pake

Naendesha basi hapa Leicester, Uingereza. Njia yangu ya alfajiri inapita mbele ya kanisa moja ambalo uani kwake kuna mti mwembamba, matawi yake kama njiti za ufagio wa chelewa. Miaka mitatu nyuma, wiki moja kabla ya Krismasi, niliuona umejaa maua. Jani hamna hata moja, sakitu, yaani umande ulioganda, imetanda kwenye nyasi, nao umechanua. Nikadhani ni mapambo ya sikukuu yamefungwa pale. Kesho yake nilishuka dakika moja kituoni kuhakikisha: maua ya kweli, madogo, meupe yenye wekundu kwa mbali, petali nyembamba kama karatasi ya sigara.

Mama mmoja abiria wangu wa kila siku ndiye aliyenitajia jina. Ni cheri ya mapambo, kitaalamu *Prunus × subhirtella* 'Autumnalis'. Wajapani wanaiita jugatsu-zakura, yaani sakura, au cheri, ya Oktoba. Sakura zile za Aprili zinazopigwa picha kila mwaka hufungua maua yote kwa mpigo, na baada ya wiki mbili hazina kitu. Huu unatoa maua kidogo kidogo tangu Novemba, kila baridi inapolegea siku mbili tatu. Sakitu kali ikija, yaliyofunguka yanaungua, lakini matumba yaliyofumba yanangoja zamu yao. Fungu la mwisho hutoka Machi au Aprili pamoja na majani. Matunda ya kula usiyategemee.

Nimeamua kuupanda kwetu. Desemba hapa jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na dirisha la jikoni linatazama uzio wa mbao na anga la kijivu. Mama Rehema amelilalamikia dirisha hilo tangu tuhamie.

Bustani ina urefu wa mita 11 na upana wa mita 7. Mti huu ukikomaa unaweza kufika mita 6 au zaidi kwenda juu na kutanuka karibu hivyo hivyo, kwa hiyo ni mmoja tu. Nimechagua 'Autumnalis Rosea', ndugu yake mwenye maua ya pinki zaidi. Wa eneo dogo kuliko langu watafute *Prunus incisa* 'Praecox', ambao ni mfupi zaidi na huchanua mwishoni mwa majira ya baridi.

Jambo moja nililojifunza kwa mti wa kanisani: maua haya madogo yakiwa mbele ya anga la mawingu hayaonekani. Pale kanisani nyuma yake kuna mti mkubwa wa kijani usiopukutisha majani, ndiyo maana yanang'aa. Kwa hiyo wetu utakaa mita 6 kutoka dirisha la jikoni, nyuma yake kukiwa na mholi wa jirani, ambao hauvui majani yake mwaka mzima.

Gharama hadi sasa: mti kwenye chungu cha lita 12, pauni 58.

28 Novemba 2021: kupanda

Udongo wetu ni mfinyanzi mtupu. Sepetu ya kwanza inatoa donge lenye rangi ya tofali, linang'aa pale chuma kilipopita, na ukilibonyeza linabaki na alama ya vidole.

Nikafanya kama nilivyoona kwetu Muheza, Tanga, tukipanda minazi na michungwa: shimo kubwa, la kushiba. Mita moja kwa mita moja, kina sentimita 70. Nikatoa mfinyanzi wote, nikajaza mifuko minne ya mboji ya dukani, nikapanda mti katikati, nikashindilia kwa mguu, nikapigilia kigingi. Kazi ya saa tano. Mkono ulinivimba.

Mboji pauni 24, kigingi na mkanda wake pauni 9.

16 Januari 2022

Maua 11. Nimeyahesabu asubuhi na jioni, nikawatumia picha watu wote wa familia. Baba alipiga simu kutoka Muheza akauliza kama picha ni ya leo kweli. Nikaizungusha simu nimwoneshe sakitu kwenye kioo cha gari.

5 Juni 2022: mti umekufa

Naandika haya kwa urefu kwa sababu hapa ndipo wengi watakapoangukia.

Machi ulichanua tena vizuri. Aprili majani yalitoka, madogo kuliko yanavyotakiwa. Mwanzoni mwa Mei yakaanza kuwa manjano kuanzia pembeni, kisha yakalegea kama ya mti wenye kiu. Nikamwagilia. Yakazidi kulegea. Nikaongeza maji. Kufikia mwisho wa Mei nilikwangua gome kwa ukucha na chini yake kulikuwa na kahawia kavu badala ya kijani.

Leo nimeufukua. Sentimita 30 za juu zilikuwa sawa. Chini ya hapo mboji ilikuwa nyeusi, imelowa, na harufu yake ni ya yai viza. Nikaushika mzizi mmoja mnene kama kidole na kuuvuta: ganda lote likabaki mkononi, likateleza kama ganda la muhogo uliolowekwa siku tatu, ndani kikabaki kiuzi. Mizizi yote ya chini ilikuwa hivyo.

Kisha nikaangalia kuta za shimo. Sepetu yangu ilikuwa imezisugua hadi zikawa laini kama ndani ya mtungi, na hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umepenya. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilichimba mtungi ndani ya mfinyanzi, nikaujaza kitu chenye kunyonya maji, nikaupanda mti humo. Februari ilileta dhoruba tatu mfululizo katika wiki moja. Maji ya bustani nzima yakatafuta mahali palipolegea, yakaingia mle, yakakosa pa kutokea. Mizizi ikakosa hewa, ikaoza wakati wa baridi huku mti ukinionesha maua yaliyokuwa yameshatengenezwa mwaka wa kabla. Majani yalipotoka na kudai maji, mizizi ya kuyaleta haikuwepo. Na mimi, kwa kuona majani yamelegea, nikaendelea kumwaga ndoo juu ya mzoga.

Kwa hiyo: majani yakilegea kwenye mfinyanzi, chimba kwanza kwa mkono sentimita 20 pembeni ya mti kabla ya kushika ndoo. Kukiwa na unyevu, kiu siyo tatizo.

Baba nilipomweleza alisema, "Mwanangu, Muheza unachimba shimo kubwa kwa sababu maji yanakimbia. Huko kwenu maji yanakaa. Kazi ni kinyume." Hasara: pauni 91.

30 Oktoba 2022: kupima maji, kujenga tuta

Kiangazi kilikuwa cha namna yake. Tarehe 19 Julai Coningsby, Lincolnshire, ilipimwa nyuzi 40.3, joto la juu kabisa kuwahi kurekodiwa Uingereza, na mfinyanzi wetu ukapasuka nyufa zinazomeza rula ya Rehema hadi nusu. Udongo ule ule uliozamisha mti. Nimeandika hilo ukutani: baridi unazamisha, kiangazi unakauka kama tofali.

Safari hii nimepima kwanza. Shimo la kina cha sentimita 60, nimejaza maji hadi juu saa mbili usiku. Asubuhi saa mbili yalikuwa yameshuka sentimita 4. Nikarudia upande wa pili wa bustani, yakashuka 6. Hapo hakuna mjadala. Mti haushuki chini, unapandishwa.

Tuta nimelijenga hivi. Kwanza nimetifua uso wa mfinyanzi kwa uma, kina cha sentimita 15, upana wa mita 1.8, bila kuondoa kitu, ili tuta lisikae juu ya sakafu inayoteleza. Kisha nimemwaga udongo wa juu ulionunuliwa, nusu ya mfuko mkubwa wa kupakuliwa na lori, nikauchanganya na mfinyanzi kwenye mpaka wao. Juu yake tena udongo mtupu, mboji kidogo sana. Tuta limefika sentimita 30 katikati, linashuka taratibu kila upande. Shimo la zamani nimelijaza mfinyanzi wake wenyewe, likashindiliwa na mvua.

Tuta lisiwe jembamba na refu kama kaburi la paka. Mizizi ya cheri hutambaa juu juu, inahitaji upana.

Udongo na usafirishaji: pauni 55.

18 Desemba 2022: mti wa pili na wiki ya barafu

Nilipanda tarehe 4. Safari hii nimenunua mti wa mizizi mitupu, usio na chungu, pauni 34. Miti hii huuzwa wakati imelala tu, Novemba hadi Machi, ni rahisi kuliko ya chungu, na unaiona mizizi yote kabla ya kupanda. Nimeiloweka mizizi saa moja, nikakata iliyovunjika, nikaupanda juu ya tuta kiasi kwamba fundo la kubebeshea, ule uvimbe mahali mti wa juu ulipoungana na shina la chini, liko sentimita 10 juu ya udongo. Kigingi kimeinamishwa, mkanda umefungwa theluthi ya urefu wa mti ili juu ucheze na upepo na shina linenepe. Matandazo ya vipande vya mbao sentimita 7, yasiguse shina. Vipande hivyo nilipewa bure na mafundi waliokuwa wakikata miti mtaani. Waombe, wengi wanafurahi kupunguza mzigo.

Siku tatu baadaye baridi ikashuka, ikakaa hadi jana. Usiku nyuzi chini ya sifuri, mchana hazipandi. Matumba matano yaliyokuwa wazi yaligeuka rangi ya chai. Mama Rehema alisimama dirishani akasema, "Na huu nao." Lakini nimekwangua gome: kijani. Matumba yaliyofumba yamekaza kama punje za mtama. Baridi hii mti unaijua. Uliokufa haukuuawa na baridi.

22 Januari 2023

Maua 40 na zaidi. Nimeacha kuhesabu.

20 Mei 2023: kosa la mkasi

Februari, siku yenye jua, niliona matawi mawili yanasuguana. Nilikuwa nimesoma namna ya kupogoa mitufaha, na mitufaha hupogolewa wakati imelala. Nikachukua mkasi nikakata moja. Mama Rehema akaomba kijiti kingine cha kuweka kwenye glasi mezani, nikakata na hicho. Maua mezani yalidumu siku sita, mazuri sana.

Mwisho wa Aprili, chini ya kidonda cha kwanza, gome lilianza kutoa utomvu mzito wa rangi ya asali, tone juu ya tone, likigandia shina. Nilipoukwangua, gome chini yake lilikuwa limebonyea na kuwa jeusi kiasi cha sarafu. Majani ya tawi hilo yakatoka na madoa ya kahawia, madoa yakakauka na kudondoka, yakaacha matundu kana kwamba jani limepigwa risasi za ndege. Ni ugonjwa wa donda la bakteria, *Pseudomonas syringae*. Bakteria hawa husambazwa na mvua na kuingia kupitia vidonda wakati wa baridi na unyevunyevu, vikiwemo vya mkasi. Jamii nzima ya cheri na plamu ina udhaifu huo. Kuna na kuvu wa ugonjwa wa majani ya fedha, naye anapita njia hiyo hiyo.

Kanuni ni moja na ningependa kila mwenye mcheri aijue kabla ya kununua mkasi: cheri hukatwa kiangazi, siku kavu, kati ya Juni na Agosti. Mti ukiwa umeamka unafunga kidonda chake wenyewe.

Zamani watu walipuliza dawa ya shaba. Hapa Uingereza imeondolewa kwa watunza bustani wa nyumbani, kwa hiyo kimebaki kisu. Nasubiri Julai.

9 Julai 2023: upasuaji

Siku tatu za ukavu zilizofuatana. Nilikata tawi lenye donda kidogo kidogo kurudi nyuma, kila mara nikitazama mti wa ndani. Kipande cha kwanza kilikuwa na mstari wa kahawia katikati. Cha pili pia, umefifia. Cha tatu cheupe chote. Nikashuka sentimita 10 zaidi ya hapo, maana ukisimama penye weupe wa kwanza unaweza kuwa umeacha ugonjwa usioonekana. Msumeno nimeufuta kwa spiriti kati ya kila mkato. Vijiti vyote vimetoka bustanini siku hiyo hiyo.

Rangi ya kupaka vidonda haishauriwi tena kwa miti mingi, lakini kwa cheri yenye donda bado inatumika, nami nimepaka mara moja. Pauni 8.

Mti sasa umelalia upande mmoja. Umbo litarudi.

Juni hii ilikuwa ya joto kuliko Juni zote zilizorekodiwa Uingereza, na tuta lina bei yake: linakauka haraka kuliko ardhi. Nimemwaga lita 20 mara mbili kwa wiki, polepole, ndoo iliyotobolewa tundu moja chini. Vidukari weusi nao walikunja majani ya ncha zote. Niliwapiga kwa maji ya bomba siku mbili, kisha wadudu wadogo wale wekundu wenye madoa wakaja wakala waliobaki. Majani yaliyokunjika hayakunjuki, lakini mti haujali.

27 Agosti 2023: kubebesha

Februari nilinunua miche sita ya Colt, shina la kubebeshea cheri lililotokana na kituo cha utafiti cha East Malling kule Kent. Pauni 30. Nikaipanda kwenye vyungu vya zamani. Sababu: jirani yangu mwenye mholi, bibi wa miaka 80 na ushee, ameupenda mti, nami nimepoteza mmoja tayari. Nataka akiba.

Mwanzoni mwa mwezi huu tulikuwa Muheza. Baba amebebesha michungwa maisha yake yote: jicho, yaani chipukizi lililolala, la chungwa juu ya mche wa limau. Asubuhi ya pili alinipeleka kitaluni kwake, akanikalisha kwenye kigoda, akaweka mche mbele yangu. Mkato mmoja wa kulala, mmoja wa kushuka, kama herufi T. Anageuza kisu, anainua gome kwa mpini wake, nalo linafunguka kama koti. Jicho linashushwa ndani, linafungwa kwa nailoni kutoka chini kwenda juu. Sekunde arobaini. Mimi dakika nane. "Jicho litazame juu," alisema mara tatu, "na usiliguse kwa kidole mahali palipo bichi."

Tumerudi Leicester nikiwa najiamini. Leo nimekata herufi T kwenye Colt ya kwanza, nikageuza kisu, gome halikuinuka. Nikalazimisha, likachanika vipande. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Nikampigia Baba kwa video, nikaweka simu juu ya chungu.

Akatazama. "Gome halifunguki? Basi mti una kiu. Nani alikuwa anamwagilia mlipokuwa huku?"

Hakuna. Wiki tatu vyungu vilikaa na mvua tu, na chungu chini ya majani mapana hakipati mvua. Maji yakipungua gome linashikana na mti, haliachii.

Mitatu iliyobaki nimetumia njia nyingine, isiyohitaji gome kufunguka: unakata kibanzi chenye jicho, urefu wa sentimita 3 na nusu, na kwenye mche unakata pengo la umbo hilo hilo, kibanzi kinakaa humo kama kiraka. Mstari wa kijani wa kibanzi lazima uguse mstari wa kijani wa mche walau upande mmoja. Nimefunga kwa mkanda wa plastiki. Kisu pauni 14, mkanda pauni 4.

Macho yametoka kwenye vijiti vya mwaka huu vya mti wetu, upande wenye afya.

3 Januari 2024: baada ya dhoruba Henk

Jana Henk imepita. Mto Soar umetoka kingoni, njia yangu ya basi imefungwa sehemu mbili. Nimerudi nyumbani mapema nikakuta nyasi zetu zimefunikwa maji kutoka ukutani hadi uzioni, na tuta limesimama katikati kama kisiwa, mti juu yake una maua.

Nilitia kijiti ndani ya tuta sentimita 25. Kilitoka na unyevu, hakikutoka na tope. Mahali pa mti wa kwanza, mita moja na nusu kutoka hapo, maji yalifika juu ya kifundo cha mguu.

Kwa wanaouliza kama tuta ni lazima: kwenye udongo kama huu, ndiyo.

26 Mei 2024: mche wa uongo

Februari nilikata vichwa vya miche mitatu, sentimita chache juu ya jicho, ili nguvu yote iende hapo. Aprili yote mitatu ilichipua. Niliwaambia watu. Nikaifunga kila mmoja kwenye kijiti cha mwanzi na kuibatiza A, B na C.

C ndiye alikua kuliko wote. Majani makubwa, mapana, kijani kizito, sentimita 40 kwa wiki tano. Nilikuwa nampa maji ya kwanza kila asubuhi. Jana Rehema, ambaye ana miaka 12, aliweka jani la C juu ya jani la mti wetu mezani, akasema, "Baba, hivi si vitu viwili?"

Vilikuwa viwili. Jani la mti wetu ni dogo, jembamba, pembezoni lina meno makali, na kila jino lina kijino chake. Jani la C ni karibu mara mbili. Niliinama nikafuata chipukizi hadi chini: linatoka kidole kimoja *chini* ya kibanzi. Jicho langu lilikuwa limekufa, kavu, jeusi. Nililokuwa nalilea ni Colt mwenyewe. Tazameni mahali chipukizi linapoanzia siku ya kwanza, na chochote kinachotoka chini ya jicho king'oeni kikingali kidogo.

B alikuwa wa kweli, lakini mkanda wake niliusahau. Unatakiwa kutolewa baada ya wiki sita hadi nane. A niliufungua Oktoba. B alikuwa nyuma ya pipa. Shina liliponenepa mwezi huu mkanda haukuachia, ukamkaba hadi kukawa na kiuno. Upepo wa Jumatano ukamkata hapo hapo.

Amebaki A. Sita kwa mmoja. Baba anasema mwaka wake wa kwanza alipata wawili kwa ishirini, na mchwa wakala mmoja.

8 Desemba 2024

Mti mkubwa umepita mita 3. Upande uliokatwa umejaa. Mkato wa Julai mwaka jana umezungukwa na mdomo mnene wa gome jipya, hakuna utomvu tena. Kigingi nimekitoa Oktoba, unasimama wenyewe. Pogoa ya mwaka huu ilikuwa kijiti kimoja, Julai.

Ulianza kuchanua tarehe 10 Novemba majani ya mwisho ya rangi ya shaba yakiwa bado hayajadondoka. Mama Rehema haombi tena vijiti vya mezani. Ameisogeza meza dirishani.

2 Februari 2025: hesabu na hali ilivyo

Mti wa kwanza na shimo lake pauni 91. Mti wa pili na tuta 89. Miche, kisu na mkanda 48. Rangi ya kidonda 8. Jumla pauni 236, na kwa ninayoyajua leo, 89 zingetosha.

Wa kwetu wamenitumia ujumbe wakitaka mbegu. Mbegu haitarudisha mti huu ulivyo, na Muheza hakuna baridi ya kuuamsha: macho ya cheri yanahitaji kipindi cha baridi ndipo yafunguke sawasawa. Jamaa zake, plamu na pichi, mnazo Lushoto milimani, bebesheni hizo.

Leo mchana jua lilitoka, nyuzi 9. Nilikuwa nimesimama chini ya mti na chai yangu nikasikia muungurumo, nikainua macho: nyuki mnene mwenye manyoya, yule mkubwa wa hapa, anatoka ua hadi ua, kila akitua kijiti kinainama na kurudi. Nilimhesabia maua 23 kabla hajavuka uzio.

A yuko chungu cha lita 10 karibu na mlango. Ana urefu wa mita moja na kidogo, na kwenye kijiti cha pembeni ana matumba matatu, la kwanza limeanza kuonesha pinki. Bibi jirani atampokea Machi. Tuta lake nimeshalijenga. Nilimpigia Baba video nikasogeza simu karibu na tumba. Alitazama, akanyamaza, kisha akasema nishushe simu chini.

"Fundo liko juu ya udongo?"

Liko juu. Sentimita 12.